Ukunga wa Jumatano

Jumatatu, 5 Agosti

Mazoezi tangu asubuhi. Upepo wa mwezi huu unaingia kila mahali: kwenye lenzi, kwenye meno, kwenye ugali. Jofrey ameifunika kamera kwa kanga ya Mwanaidi na anaiuguza kama mtoto mwenye homa.

Tumepanga vyumba Ihumwa, pembezoni mwa mji, na kila siku tunatoka kwa gari hadi kijijini, mwendo usiozidi nusu saa ukivuka reli. Kijiji kimetupa kila tulichoomba. Mzee Ndahani ametuazima nyumba yake ya tembe, zizi, ng'ombe na yeye mwenyewe, kwa kuwa nimemwomba aigize jirani mwenye mifugo. Anaigiza vizuri kuliko waigizaji. Labda kwa sababu haigizi.

Nimekuwa kwenye kazi hii tangu nilipotoka chuo kikuu. Nilianza kwa kubeba nyaya. Nikapiga picha za harusi na mahafali. Nikatengeneza vipindi kuhusu mabwawa na zabibu, vikatazamwa na waliovigharimia peke yao. Tamthilia hii ndiyo ya kwanza iliyo yangu. Mimi ni mtayarishaji na, kwa uhaba wa watu, mwongozaji pia. Kituo cha televisheni cha Dar es Salaam kitaamua kwa sehemu ya kwanza. Isipowaridhisha, hakuna ya pili.

Kiini cha sehemu hiyo ni onyesho moja: mjane anaibiwa ng'ombe na anapiga ukunga, ule mwito wa kuomba msaada. Leo Mwanaidi, anayeigiza mjane, alilipiga yowe lake mara nyingi na kila mara lilikuwa yowe la Tanga, la mwanamke aliyeona panya jikoni. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akaniambia nimwonyeshe.

Nikamwonyesha. Sikujua kama bado ninao. Sauti ndefu isiyopanda, inayokatwakatwa kwa kiganja mdomoni, kisha kimya kifupi, kisha tena. Bibi yangu alinifundisha nikiwa mdogo, na siku hiyo hiyo akanionya nisiupige bure. Ukunga ukisikika, kila mtu mzima hutoka na alichonacho mkononi: rungu, jembe, panga, mkuki. Hakuna anayeuliza kwanza. Anayebaki nyumbani hutozwa mbuzi na, kibaya zaidi, siku yake ikifika hakuna atakayemjia.

Hapo hapo mwanamke mmoja alitoka ndani na mchi mkononi. Ndahani akamwinulia mkono kwamba hapana. Mwanamke akanitazama kwa muda mrefu.

Onyesho tutalirekodi Ijumaa. Mwenyekiti wa kijiji ametangaza kanisani na msikitini, hapa na kijiji cha ng'ambo ya korongo: Ijumaa mchana mtasikia ukunga, ni wa filamu, msije.

Nilifurahi leo. Naandika kwa sababu ni nadra.

Jumanne, 6 Agosti

Hamza, mwizi wetu, amejifunza kuswaga ng'ombe. Tuseme anajifunza. Alisoma uhasibu, akaacha mwaka wa mwisho kwa ajili ya jukwaa. Mama yake kule Kondoa bado anawaambia majirani kwamba mwanawe yuko benki. Ndahani alimtazama akipita na ng'ombe, akamuuliza ni mwizi gani huyu anayewabembeleza ng'ombe kama wakwe.

"Mzee, mimi mwizi msomi. Naiba kwa adabu."

"Basi utapigwa kwa adabu."

Seti nzima ilicheka. Mimi pia.

Usiku wa juzi wezi wa kweli walifika kijiji cha ng'ambo. Wamechukua ng'ombe na kumkata mchungaji mkono. Wanaume wa kule wanalala na silaha. Nililisikia jambo hilo, nikafikiri jinsi litakavyoweza kuingia katika sehemu ya tatu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Jioni Mkurugenzi wa vipindi alipiga simu kutoka Dar es Salaam. Kamati yao inakaa mapema kuliko ilivyotarajiwa. Anataka onyesho la ukunga limfikie keshokutwa. Nikasema litafika. Kwa hiyo tunarekodi kesho.

Fundi wa sauti hajafika na hatafika kesho. Nitashika kinasa sauti mwenyewe. Kamera yetu inachukua picha tu. Sauti tunaichukua kando na kuziunganisha baadaye. Si kazi ngumu.

Mwenyekiti wa kijiji yuko Nzuguni kwenye maonyesho ya Nane Nane, na wakulima wa zabibu. Nimempigia, simu inaita tu. Nimemwandikia ujumbe kwamba Ijumaa imekuwa Jumatano. Simu inaonyesha umefika.

Ndahani aliniuliza kama watu wameambiwa. Nikasema nimemwambia mwenyekiti. Akasema kama nimemwambia, sawa.

Sentensi yangu ilikuwa na ukweli wa aina fulani. Nachukulia kufika kwa ujumbe kuwa ni kusomwa, na kusomwa kuwa ni kutangazwa.

Jumatano, 7 Agosti

Hamza yuko chumba cha upasuaji.

Damu ya filamu tuliichemsha sisi wenyewe, sharubati na kakao. Iliyo kwenye viatu vyangu haina harufu hiyo.

Siwezi kuandika.

Alhamisi, 8 Agosti

Sikukuu. Magari yamejipanga kuelekea Nzuguni. Mimi niko kwenye benchi la hospitali na daftari hili juu ya magoti. Yuko hai. Hajafumbua macho. Wamemfungua fuvu kupunguza mgandamizo. Bega la kushoto limekatwa hadi kwenye mfupa. Taya limevunjika.

Niandike kwa utaratibu, kabla sijaanza kuupanga ukweli upya. Kupanga upya ndiyo kazi yangu.

Tulirekodi mchana. Nilikuwa na vifaa vya kusikilizia masikioni na kinasa sauti kifuani. Watu watatu walikuwa na maikrofoni ndogo ndani ya nguo: Mwanaidi, Hamza na Ndahani. Mwanaidi aliupiga ukunga. Sikuridhika. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikaomba tena. Mara ya mwisho aliupiga hivi kwamba nywele zilinisimama, na upepo ulikuwa unaelekea korongoni.

Hamza aliwaswaga ng'ombe kuteremka korongo, kama ilivyopangwa. Ndahani alimkimbiza na fimbo, kama ilivyopangwa. Kisha wanaume wakatokea ukingo wa pili.

Nilidhani Jofrey ameniletea watu wa ziada bila kuniambia. Wazo langu la kwanza, naliandika kama lilivyokuwa, ni kwamba walikuwa wazuri mno. Walikuja bila kelele. Watu wa filamu hukimbia wakipiga kelele; hawa walikuja wameinama, wametawanyika, wakiziba njia. Jofrey aligeuka kunitazama, mkono kwenye kamera.

"Usizime," nilimwambia.

Jiwe la kwanza lilimpata Hamza mdomoni. Akapiga magoti. Rungu likamshukia kichwani na ng'ombe wakatimka, vumbi likapanda, na ndani ya vumbi niliona panga likiinuka na kushuka. Hakuna sauti katika filamu yoyote niliyowahi kutengeneza inayofanana na ile niliyosikia masikioni kupitia maikrofoni ya shingoni mwake. Ilikuwa ndogo. Kama mtu anayekanyaga kibuyu.

Ndahani aliingia katikati yao. Alisimama juu ya Hamza, miguu huku na huku, akazungusha fimbo. Alimpiga mmoja usoni, mwingine mkononi. Alipiga kelele kwa Kigogo kwamba huyu si mwizi, ni mgeni wangu, ni mchezo, mnaua mtoto wa watu. Kigogo ni lugha ya mama yangu. Nilielewa kila neno, na neno lilikuwa masikioni mwangu, karibu kuliko yeyote aliyekuwa pale.

Nikafikiri: mzee anatunga papo hapo. Anajua.

Kisha Hamza akaniita. Hakuniita kwa jina lolote lililoandikwa kwenye mchezo. "Dada Damari." Mara ya kwanza niliudhika kwamba ametoka katika uhusika. Mara ya pili nikatupa vifaa vya masikioni nikakimbia.

Nilipofika, rungu lilinipata kwenye mbavu. Sidhani lilinikusudia mimi. Mwanaidi alimlalia Hamza. Ndahani alikuwa anavuja damu sikioni na bado anazungusha fimbo. Mtu mmoja, kijana kuliko nilivyotarajia, alinitazama nikiwa chini, akaitazama suruali yangu, kamera, mwavuli mweupe wa kuzuia jua. Nikaona uso wake ukielewa. Akaliachia panga kana kwamba limemuunguza.

Walitawanyika. Baadhi walibaki, wakasaidia kumbeba Hamza hadi garini kwa shuka la Ndahani. Polisi walipofika waliwakuta hao hao waliobaki. Wamewachukua wawili, na Ndahani wa tatu, kwa kuwa fimbo yake ilikuwa imelowa damu. Sikuwapo kueleza. Nilikuwa njiani na kichwa cha Hamza mapajani.

Je, kati ya mwito wa Hamza wa kwanza na wa pili palikuwa na muda gani? Sijui. Kinasa sauti kinajua.

Ijumaa, 9 Agosti

Picha zimetoka. Kipande kifupi, kwenye simu za watu wote. Hakina sauti, mtu amekitilia ngoma ya huzuni. Unaona vumbi, unaona Hamza chini, unaona mzee mwenye shuka amesimama juu yake na kuinua fimbo, kuinua fimbo, kuinua fimbo. Kinaishia hapo.

Nimekitazama kama mgeni, kama mtu anayenunua mboga akionyeshwa na muuzaji. Ningesema muuaji ni yule mzee. Hakuna anayeweza kukitazama na kusema jingine.

Nilimwita Jofrey nje ya wodi. Alikiri. Aliwatumia marafiki wa Hamza wa kikundi cha maigizo mjini, kwa hasira, ili wajue alivyofanyiwa. Nikampiga kofi. Watu waliokuwa kwenye foleni ya dawa waligeuka. Sijawahi kumpiga mtu mzima maishani.

Hakurudisha. Alishika shavu lake. "Dada, mimi ndiye niliyesema usizime?"

Wodini Mwanaidi amekaa miguuni pa kitanda. Anapokohoa, anaziba mdomo kwa mikono miwili.

Jumamosi, 10 Agosti

Hamza amekufa alfajiri.

Mama yake alifika kutoka Kondoa akiwa amechelewa kidogo tu. Mwanamke mdogo wa umbo, buibui limejaa vumbi la njiani. Alimfunua uso. Uso haukuwa uso. Alimfunika tena, taratibu, akaweka sawa ncha za shuka kama anayetandika. Kisha akaniuliza kama mimi ndiye bosi wake wa benki.

Nikasema ndiyo.

Akanishukuru kwa kumleta hospitali.

Wameondoka naye adhuhuri. Marafiki zake wa mjini walijaza magari. Niliwasikia wakimtaja Ndahani kwa jina. Mmoja alisema hadharani, bila kupandisha sauti, kwamba nyumba ya yule mzee wanaijua, imo kwenye picha za tamthilia.

Imo. Niliichagua kwa sababu inaonekana vizuri kutoka barabarani.

Jumapili, 11 Agosti

Polisi wanataka picha zote. Nitawapa. Hakuna aliyeuliza kuhusu sauti. Hakuna anayejua imesalimika, isipokuwa Jofrey, aliyeniona na kinasa hospitalini, na mimi niliyenacho ndani ya mkoba. Jana nilikisikiliza gari likiwa limefungwa vioo.

Kila kitu kimo. Ukunga, mara zote. Mimi nikiomba urudiwe. "Usizime," kwa sauti ninayoijua ya kazini, tulivu, iliyopendezwa. Ndahani akipiga kelele kwamba si mwizi, tangu mwanzo hadi mwisho. Hamza.

Sauti hii inamtoa Ndahani. Sauti hii inaniingiza mimi.

Mkurugenzi wa vipindi amepiga simu. Alitoa pole kwa ukamilifu. Halafu akauliza kilichorekodiwa ni nini na nini. Nikamweleza. Akasema kwa upole, kama mtu anayerekebisha sarufi:

"Damari, wape picha. Maikrofoni huharibika. Hasa kwenye upepo."

Hakuniamuru. Hilo ndilo linalonisumbua. Aliniachia nafasi nami nikaingia. Nilijiambia kwamba nahitaji mwanasheria kwanza. Kwamba siku mbili hazitambadilishia Ndahani kitu, kwa kuwa mahabusu ni mahabusu. Kwamba tamthilia ina watu wengi wanaoitegemea. Hoja hizi si za kijinga. Ningezikubali kutoka kwa mtu mwingine.

Mchana nilikwenda kwa mama, mtaa wa Kikuyu mjini. Alikuwa anachambua mchele. Nikamsimulia yote. Hakulia, hakunilaumu. Aliendelea kutoa mawe akiyaweka ukingoni mwa ungo.

"Na huyo mzee," akasema, "anajua kwamba ulimsikia?"

Jumatatu, 12 Agosti

Nitaandika hadi nimalize.

Nilikwenda kijijini kumwona mke wa Ndahani, Mama Yohana. Ndiye mwanamke aliyetoka na mchi siku ile ya mazoezi. Nilikusudia kumweleza habari za sauti, au nilikusudia kukusudia. Mwanaidi aliomba kufuatana nami. Tuliliacha gari karibu na kisima kwa sababu ya mchanga, tukatembea.

Tulizisikia pikipiki kwanza. Zilitupita kwa kasi, vijana wawiliwawili, wengine niliwatambua kutoka hospitali. Walikuwa na madumu.

Halafu ukunga.

Naujua. Nimeufundisha. Huu ulikuwa wa kweli na ulifanana kabisa na ule wa Jumatano, na kufanana huko sitakusahau. Sauti ndefu, kiganja, kimya. Sauti ndefu, kiganja, kimya.

Njia nzima ina nyumba. Niliona watu. Mwanamume alikuwa anatengeneza baiskeli. Alisimama, mkono ukaenda kwenye rungu lililoegemea ukuta, ukabaki hapo. Alinitazama. Akaingia ndani. Mlango ulifungwa. Mbele kidogo mlango mwingine. Nilisikia makomeo. Kijiji kizima kilikuwa kinasikiliza, na kijiji kizima kilikuwa kinakumbuka nani wako mahabusu na kwa sababu gani.

Ukunga uliendelea. Tulikimbia. Mwanaidi alinitangulia. Alikuwa ameokota mti wa uzio, sijui wapi.

Tembe haiwaki kama nyumba ya makuti. Paa lake ni udongo. Walimwaga petroli mlangoni na kwenye ghala la mtama, na mtama ndio uliowaka, moto mweupe ukicheza kwa upepo. Mama Yohana alikuwa ndani ya ghala hadi kiunoni, anavuta magunia kwa mikono. Kijana mmoja alimshika nguo kumvuta nyuma. Mwingine alimpiga teke. Wa tatu alikuwa amesimama anarekodi kwa simu.

Nilimpiga yule wa simu. Kwa jiwe, usoni. Naliandika wazi: nililichagua jiwe. Meno yake yalivunjika na sauti ilikuwa ile ile, ya kibuyu. Mwanaidi alimzungushia mwingine ule mti mgongoni hadi ukakatika. Walikuwa wengi kuliko sisi na wangeweza kutuua, lakini mmoja akamtambua Mwanaidi, akaita kwamba huyu ndiye dada aliyemlalia Hamza. Wakasita. Nikawaambia. Hapo ndipo nilipoyasema kwa mara ya kwanza, katika moshi, mbele ya watu waliokuja kuchoma: kwamba Ndahani alikuwa anamkinga, kwamba nilimsikia kwa masikio yangu, kwamba ninayo sauti, na kwamba aliyeuacha mchezo uendelee ni mimi.

Yule wa meno alikuwa anatema damu. Mmoja wao aliliweka dumu chini kwa uangalifu, kana kwamba lina maji ya kunywa. Kisha wakaondoka.

Mama Yohana ameungua mikono yote miwili hadi juu ya viwiko. Ngozi ilibaki kwenye gunia. Garini alisema jambo moja tu, kwa Kigogo, akitazama nje: kwamba hakuna aliyekuja.

Ningewapa polisi ile sauti jana, vijana wangesikia habari jana. Siwezi kuthibitisha hilo. Siwezi pia kufikiri vinginevyo.

Jumanne, 13 Agosti

Nimepeleka kinasa sauti kituo cha polisi. Nilikaa nao hadi wakasikiliza chote. Ofisa aliomba nimfasirie Kigogo. Nikafasiri. Kila sentensi ya Ndahani niliirudia kwa Kiswahili kwa sauti yangu mwenyewe, na yeye akaandika: huyu si mwizi, ni mgeni wangu, ni mchezo, mnaua mtoto wa watu. Ilipofika "usizime" alisimamisha, akauliza ni nani huyo.

Nikasema ni mimi.

Nimeandika maelezo kuhusu jiwe pia. Yule kijana yuko hospitali ile ile. Huenda nitashtakiwa kwa yote mawili. Ofisa hakuwa na uhakika kosa la kwanza liitwe nini. Mimi pia sina.

Nilimjulisha Mkurugenzi. Alisema ananisikitikia, na kwamba kituo hakitaendelea na tamthilia. Alisema "kituo" kana kwamba ni mtu mwingine.

Jumatatu, 19 Agosti

Ndahani ametoka. Wale wawili wamebaki, pamoja na wengine waliojisalimisha wenyewe kutoka ng'ambo ya korongo, akiwamo yule kijana wa panga. Wanasema waliitwa. Ni kweli. Niliwaita kwa sauti ya bibi yangu, siku ambayo sikuwa nimewaambia.

Nilikwenda Kondoa. Nilimweleza mama yake Hamza kwamba mimi si bosi wa benki. Alisema alijua. Alijua tangu zamani. Aliwaambia majirani hivyo kwa sababu mwanawe alipenda kuamini kwamba amemficha. Kisha akaniuliza kama aliniita. Nikasema ndiyo. Mara ngapi? Nikamjibu. Akainuka, akaingia ndani, na hakutoka tena hadi nilipoondoka. Sikustahili zaidi ya hapo. Pengine hata hapo.

Jumapili, 8 Septemba

Tunakandika ukuta wa Mama Yohana. Kila Jumapili sasa. Niko nje kwa dhamana, na shauri litatajwa mwezi ujao. Mwanaidi anachota maji, mimi nakanyaga udongo na majani, Ndahani anapaka. Sikio lake halisikii vizuri upande mmoja, kwa hiyo hukaa hivi kwamba mimi niwe upande mwingine. Sijui kama ni msamaha au ni namna tu ya kusikia. Mama Yohana amekaa kivulini, mikono imefungwa vitambaa vyeupe, anatuambia tulipokosea.

Upepo umepungua. Mbali ilipita treni, ikanyamaza.

Mchana, kutoka ng'ambo ya korongo, ukaja ukunga.

Wote tulisimama. Ndahani aligeuza sikio zima. Ulikuja tena, mwembamba, wa mwanamke. Milangoni watu walikuwa wametoka na kusimama, hawaendi mbele wala hawarudi. Ndahani alifuta mikono yake kwenye shuka, akaichukua fimbo, akanitazama. Aliuliza kwa kweli, kama mtu anavyomuuliza fundi.

"Ni wa kweli huo?"

"Sijui, baba."

"Basi twende."

Akatangulia. Nikamfuata na jembe lenye udongo mbichi, Mwanaidi na ndoo yake. Nyuma yetu nilisikia komeo moja likifunguliwa. Baadaye kidogo, jingine.

Alikuwa mbuzi, ametumbukia kwenye shimo la kuchimbia udongo. Mama mwenye mbuzi alikuwa amekaa ukingoni akilia kwa aibu, akisema hakudhani tungekuja. Tulimtoa kwa kamba ya ndoo.

Hatukuwa wengi.

Tulirudi kabla udongo haujakauka.